Njoo Kabla Wenzio Hawajaamka

Cherehani ilikataa kupita mlangoni. Fundi aliivuta kwa mbele, mumewe akaisukuma kwa nyuma, na meza yake ya chuma ikang'ang'ania fremu kama mgeni aliyenogewa na mazungumzo. Mumewe alikuwa mlinzi, ndio kwanza ametoka zamu ya usiku, na kwa haki zote alipaswa kuwa kitandani anakoroma. Badala yake alikuwa anamwagika jasho kwa ajili ya mama mkwe.

"Mke wangu," alisema akipumzika kidogo, "ukishaitoa hii nje, mvua ikinyesha utashonea wapi?"

"Hapo hapo barazani. Nitafunga turubai."

"Na vumbi?"

"Vumbi nitalifuta."

Mlinzi alimtazama, akaona hapa hakuna mjadala, akarudi kusukuma. Meza ikatoka na kipande cha rangi ya mlango.

Nyumba yao ilikuwa na vyumba viwili tu. Kimoja walilala, na cha pili ndicho kilichowalisha. Humo ndimo mlimokuwa na cherehani, meza ya kukatia, vitambaa vilivyokunjwa rafuni, na kioo kirefu cha wateja kujitazamia. Sasa vyote vilihamia barazani, na chumba kikapakwa rangi ya kijani, kwa sababu Bi Mkubwa alipenda kijani. Kiliingizwa kitanda, godoro jipya na mashuka ambayo Fundi aliyashona mwenyewe, akayafumua, akayashona tena. Kazi ya sare za shule, ile aliyoisubiri tangu mwaka uanze, aliikataa kwa mdomo wake. Sare za shule nzima huwezi kuzikatia barazani, kwenye upepo. Mwalimu aliyeleta kazi alimshangaa, akavuka barabara kwenda kwa fundi mwenzake mwenye kibao kikubwa.

Wateja nao hawakukosa la kusema. Mama mmoja aliyefuata gauni lake aliuliza kwa sauti ya kusikika mpaka nyumba ya tatu kama mambo yameharibika kiasi cha fundi kutupwa nje na mashine yake. Fundi alicheka naye. Mama yule alipoondoka, Fundi aliinamia mashine akashona pindo zima bila kupumzika. Lakini siri aliyokuwa nayo moyoni ilikuwa tamu, na kila alipoikumbuka alijikuta anatabasamu na pini mdomoni, jambo ambalo ni hatari.

Siri yenyewe ilikuwa hivi.

Mama yake aliitwa Bi Mkubwa na kila mtu, kuanzia wanawe hadi wauza mboga, na hata mwenye nyumba wake. Ukimuuliza umri alisema tisini na kitu, na hicho kitu kilikuwa kinakua mwaka hadi mwaka bila yeye kukitaja. Maisha yake yote alifua nguo za watu. Kwa sabuni na ndoo alilea watoto wanne baada ya baba yao kufariki, na watoto walipokuwa na nyumba zao, hakuna aliyezaa, aliyeugua wala aliyegombana na mwenzake bila Bi Mkubwa kutokea mlangoni na kimkoba chake. Alikaa mpaka mambo yanyooke, kisha akaondoka kabla hajaombwa. Wajukuu wote walipita mgongoni kwake, vitukuu wakafuata, na hata kilembwe mmoja alishawahi kumlowesha.

Sasa chumba alichopanga kwa zaidi ya miaka arobaini kilikuwa kimeuzwa pamoja na nyumba nzima. Mnunuzi alitaka kuibomoa ajenge maduka. Bi Mkubwa alitakiwa ahame kabla mwezi haujaisha, na swali la aende kwa nani lilikuwa linazunguka ukoo mzima bila mtu kulitamka.

Fundi hakujiweka katika hesabu. Kaka yao mkubwa, Dereva, aliendesha malori hadi akajenga nyumba ya ghorofa. Dada yao, Karani, alifanya kazi katika ofisi yenye kiyoyozi, na nyumba yake ilikuwa na vigae vinavyong'aa mpaka mgeni anaogopa kukanyaga. Kitinda mimba wao, Kinyozi, hakuwa na nyumba ya kujivunia, lakini alikuwa kitinda mimba, na hao wana haki zao. Fundi alikuwa wa tatu, si wa mbele wala wa mwisho. Tena kwenye harusi ya mjukuu mmoja wa Bi Mkubwa, suala hili lilipoguswa kwa utani, Karani alimgeukia mbele ya watu akamuuliza, "Kwako wewe, Bi Mkubwa atalala wapi, juu ya cherehani?" Watu waliangua kicheko. Fundi alicheka kuliko wote, na alipofika nyumbani alilia.

Halafu Jumapili moja alikwenda kumkata mama yake kucha. Hakuwa amepanga kusema lolote. Alikuwa ameushika mguu wa mama yake mapajani, amefika kwenye kidole gumba, mara akasikia mdomo wake unasema, "Mama, ungekuja kukaa na mimi."

Bi Mkubwa aliinama, akamshika sikio taratibu, kama alivyomshika alipokuwa mdogo na homa.

"Sasa nitakwenda kwa nani mwingine?" alisema. "Katika watoto wangu wote wewe ndiye wa moyo wangu. Ila usiwaambie wenzio, wataumia. Siku ya kuhama njoo mapema, kabla hawajaamka."

Mwanamke wa zaidi ya miaka hamsini, mwenye wajukuu, alirudi nyumbani kwa miguu huku nauli iko mkononi, anacheka peke yake barabarani mpaka watu wakawa wanampisha njia. Kesho yake alinunua rangi ya kijani.

Siku ya kuhama ilipofika, Fundi alikodi pikipiki ya matairi matatu, ile yenye kisanduku cha mizigo nyuma, akajibana kando ya mwendeshaji. Jua lilikuwa halijashika. Walipokata kona ya kuingia uchochoroni kwa Bi Mkubwa, mwendeshaji alifunga breki. Mbele yao lilisimama lori zima, limeziba njia kutoka ukuta hadi ukuta, na juu ya bampa alisimama Dereva mwenyewe, anafuta kioo kwa kitambaa.

"Shikamoo, kaka," Fundi alisema. "Kulikoni huku asubuhi yote hii?"

"Marahaba." Dereva aliendelea kufuta kioo ambacho kilikuwa safi. "Nilikuwa napita tu."

Uchochoro ule haukuwa na upande wa pili wa kutokea. Fundi alijua, Dereva alijua, na lori lenyewe lilijua, maana lingetoka pale kwa kinyumenyume.

"Na wewe?" aliuliza Dereva.

"Na mimi napita."

Walikuwa bado wanapita hivyo, wamesimama, waliposikia magurudumu yanalia nyuma yao. Kinyozi alitokea anavuta mkokoteni kwa mikono yake mwenyewe, shati limemganda mgongoni. Alipowaona aliuachia mkokoteni ghafla, ukarudi nyuma ukamgonga kisigino. Aliwaamkia kaka na dada yake, akasema anapeleka viti vya kinyozi vikatengenezwe. Mkokoteni ulikuwa mtupu. Kabla hajapata uongo mwingine, teksi ilisimama nyuma yake, na kutoka humo kikashuka kiatu chenye kisigino kirefu, kikifuatwa na Karani aliyevaa nguo za ofisini. Siku hiyo ilikuwa sikukuu, ofisi zimefungwa.

Wote wanne walitazamana. Kila mmoja alianza kuhisi jambo, na kila mmoja alilisukuma jambo hilo kando, akitumaini kwamba waongo ni wale wenzake watatu. Waliingia ndani kwa mstari mmoja, wakubwa mbele, kama zamani walipoitwa kuoga.

Bi Mkubwa alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, amevaa gauni lake la kutokea, kimkoba mapajani, nywele zimechanwa. Vitu vyake vilikuwa vimefungwa vizuri kwenye mabunda pembeni. Aliposikia hatua, uso wake uling'aa. Kisha vikatokea vichwa vinne mlangoni kwa mpigo mmoja, na ule mng'ao ukabaki pale pale usoni, umekosa pa kwenda.

"Mmefika," alisema. Akatafakari kidogo. "Mmekunywa chai?"

Dereva alikohoa, akasema yeye amekuja kumchukua mama kama walivyokubaliana. Karani akasema, samahani kaka, aliyekubaliana na mama ni yeye, na chumba kipo tayari tangu wiki iliyopita. Kinyozi alisema hakutaka kuwaumiza, lakini mama alimwambia wazi kwamba katika watoto wake wote, yeye ndiye wa moyo wake.

"Hayo maneno ni yangu," alisema Dereva.

"Yako vipi? Aliniambia mimi," alisema Karani. "Na akaniambia nije kabla hamjaamka."

Fundi alisimama karibu na mlango. Alihisi kitu kikiporomoka ndani yake, taratibu, kama shuka linaloteleza kutoka kwenye kamba. Alifikiria chumba cha kijani, sare za shule zikishonwa ng'ambo ya barabara, wateja wakimcheka barazani. Alikuwa ametoa vyote hivyo kwa sababu ya sentensi moja, na sasa sentensi yenyewe ilikuwa imegawiwa kwa wanne.

Ndugu zake hawakuwa na muda wa kuporomoka. Walikuwa wanatoa ushahidi. Ndevu za Dereva zilikuwa nyeupe pe, lakini alisimama katikati ya chumba akisimulia kama mtoto anayedai zamu yake. Alieleza jinsi mama alivyokwenda kukaa langoni kwa tajiri wa malori, kutwa hadi kutwa, akimwamkia kila anapoingia na kila anapotoka, mpaka tajiri akachoka kuitikia akampa kijana wake kazi ya kuosha magari. Huko ndiko alikoushikia usukani. Je, nani mwingine alikaliwa langoni?

Karani alisema lango si kitu. Mama alifua mashuka ya nyumba nzima ya wageni ili yeye amalize masomo, mpaka ngozi ya viganja ikatoka, na kila jioni alimwambia mikono hiyo ni ya kalamu, isiguse ndoo.

Kinyozi alicheka kidogo, akatazama chini. Kisha akasema jambo ambalo halikuwahi kusemwa katika familia ile, ingawa kila mtu alilijua. Miaka ile alipokuwa anakunywa, mama alichukua kigoda chake kila jioni akaenda kukaa nje ya baa. Hakugomba na mtu. Alimsalimia kila mlevi aliyeingia, akamuuliza habari za mama yake, akamtumia salamu. Walevi wakaona haya. Wakahama mmoja mmoja, mpaka mwenye baa mwenyewe akamtoa Kinyozi nje kwa mkono, akamsihi kwa heshima zote asirudi tena, maana biashara inakufa.

"Haya, nani kati yenu alifuatwa na kigoda?" aliuliza, na macho yake yalikuwa na maji.

Walicheka, hata katikati ya ugomvi. Kicheko kilipoisha, ugomvi ulikuwepo bado, umewasubiri.

Fundi naye alikuwa na la kwake. Ndoa yake ya kwanza ilipovunjika alirudi kwa mama na mfuko mmoja wa nguo. Mama hakumuuliza swali hata moja. Siku ya pili alitoka asubuhi, na jioni akarudi na cherehani kuukuu kichwani, amevuka nayo mji mzima, shingo imekakamaa hata hawezi kugeuka. Akaitua, akasema, "Haya, fundi, kazi." Alikuwa wa kwanza kumwita hivyo. Maneno hayo yalimjia Fundi mpaka ncha ya ulimi, yakasubiri zamu yake.

Zamu haikufika, kwa sababu Dereva alipoteza uvumilivu.

"Mama," alisema, kwa sauti ya adabu lakini nzito, "sisi si watoto tena. Usituume na kutupuliza. Sema hapa mbele ya wote, ni nani. Taja mmoja tu, yaishe."

Bi Mkubwa alimtazama Dereva, akafungua kinywa. Akamtazama Karani, akakifunga. Akamtazama Kinyozi, kisha Fundi, kisha tena Dereva. Kidole chake kilianza kucheza na zipu ya kimkoba, kikiifungua na kuifunga.

Fundi alikuwa amemwona mama huyu akisimama mbele ya wenye nyumba, madaktari, wakwe wakorofi na jeneza la mume wake. Hakuwahi kumwona na woga. Sasa aliuona, na aliowaogopa ni hawa wanne aliowazaa yeye. Jina lolote litakalotoka, watatu wataondoka na kidonda, na mzee huyu atakaa na vidonda vyote vitatu kwa siku zilizobaki. Fundi alitaka jina hilo liwe lake. Alilitaka kuliko alivyowahi kutaka kitu. Alitazama ile zipu ikienda na kurudi, akajikaza.

"Kaka, mimi niondoe," alisema. "Mama hakuniambia kitu chochote. Nimekuja kusaidia kubeba mizigo."

Bi Mkubwa aliinua uso. Kidole kilisimama.

"Na pikipiki ya mizigo?" aliuliza Kinyozi.

"Ndiyo ya kubebea hiyo mizigo."

Sauti yake ilitoka vizuri kuliko alivyotegemea. Alihisi amevua kitu cha thamani akakiweka sakafuni, na cha ajabu ni kwamba hakusikia baridi. Kinyozi alimtazama dada yake kwa muda. Alikuwa kinyozi, na vinyozi husoma nyuso kutwa nzima. Akajikuna shingo.

"Kusema kweli hata mimi nimetia chumvi," alisema. "Mama aliniita nije nimpunguze nywele tu."

"Kwa mkokoteni?" aliuliza Dereva.

"Zimekuwa nyingi."

Karani aliguna, na guno likageuka kuwa kicheko, na kicheko kikamlegeza. Aliketi kwenye bunda mojawapo bila kujali nguo zake. Akasema, taratibu, kwamba kwake mama angeshinda peke yake. Yeye hutoka asubuhi na kurudi jioni, watoto hawapo, na mlango hufungwa kwa funguo mbili. Alilijua hilo hata siku alipomwomba. Alitaka tu awe naye.

Alibaki Dereva peke yake, mtoto wa kwanza, amesimama katikati ya chumba na ushindi ambao hakuna aliyetaka kushindana nao. Alijishika kiuno. Akakuna ndevu.

"Ngazi zangu," alikiri mwishowe. "Hataziweza. Mimi mwenyewe siku hizi sizitaki."

Bi Mkubwa alikuwa anawafuatilia kwa macho, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayeangalia nguo zake zikianuliwa na watu wengine.

"Kwa hiyo sasa," alisema, "hakuna anayenitaka?"

Walicheka mpaka mwendeshaji wa pikipiki akaja kuchungulia. Dereva alicheka ameegemea ukuta, Karani machozi yakimharibia wanja, na Kinyozi alikaa chini kabisa. Bi Mkubwa aliwaacha wacheke, naye akacheka kidogo, kwa haya.

"Mimi kumkatalia mtoto sijui," alisema walipotulia. "Sikujifunza nikiwa na nguvu, nitajifunza leo? Kila mmoja alikuja peke yake, ameshika mguu wangu au mkono wangu, anaomba. Ningesema nini?"

Karani alikung'uta sketi yake.

"Aende kwa Fundi," alisema bila kumtazama Fundi. "Yule anashinda nyumbani, na choo kiko karibu."

Dereva akakubali, Kinyozi akakubali. Bi Mkubwa akasema kwa Fundi ni barabarani, watu wanapita kutwa, atapata wa kusalimiana nao. Ikaamuliwa hivyo, kwa sababu ya choo na wapita njia, na habari ya nani anapendwa zaidi haikutajwa tena. Fundi alinyanyua bunda la karibu.

Mizigo yote ya maisha yale marefu haikujaza hata pembe moja ya lori. Ilionekana aibu lori kubwa namna ile kwenda nusu tupu, basi Kinyozi akapakia mkokoteni wake, kisha akapanda mwenyewe. Karani akailipa teksi iondoke, akavua viatu, akavutwa juu na wenzake huku anapiga kelele kwamba sketi yake itachanika. Fundi akampa mwendeshaji wa pikipiki ujira wake kwa safari ambayo hakuifanya, akapanda pia. Bi Mkubwa aliwekwa mbele, pembeni ya Dereva, dirisha wazi. Lori likatoka uchochoroni kinyumenyume, na njia nzima mkono mwembamba ulikuwa nje ya dirisha, unawapungia watu aliowajua na ambao hakuwajua.

Huko nyuma ndugu watatu walikaa juu ya godoro kuukuu la mama yao, wakishikana kila lori lilipoyumba. Hawakuwa wamekaa hivyo tangu wakiwa wadogo. Karani alimwegemea Fundi begani, kwanza kwa sababu ya kona, baadaye bila sababu.

Walipofika, Karani ndiye aliyetangulia ndani na mto wa mama. Alipita barazani, akaikuta cherehani chini ya turubai, na meza ya kukatia, na kile kioo kirefu kilichofungwa kamba kisianguke. Akasimama. Akaingia chumbani, akaona ukuta wa kijani na kitanda kilichotandikwa. Alinusa. Rangi ilikuwa bado mpya.

Alipotoka, macho yake yalikuwa mekundu.

"Ulikuja kubeba mizigo," alimwambia Fundi.

Fundi alianza kukagua kucha zake. Dereva na Kinyozi, waliokuwa wameinua kabati kila mmoja upande wake, walilitua.

"Siku ile harusini nilisema habari ya cherehani," alisema Karani. "Nilikuwa naogopa atakuchagua wewe. Nilisema upuuzi, ndugu yangu. Unisamehe."

"Yalishapita," Fundi alisema, na hapo hapo akajua kwamba kweli yamepita.

Bi Mkubwa, ambaye alikuwa ameshushwa kwenye lori na kusimamishwa barazani, hakuwa na habari na misamaha. Alikuwa anaikagua cherehani kwa juu na kwa chini, anapitisha kidole kwenye vumbi la gurudumu lake.

"Hii mashine inafanya nini nje?" aliuliza.

Fundi alieleza kwamba chumba ni kidogo, na kwamba mtu mzima anahitaji kupumzika bila kelele.

"Mimi nimekuja kukaa na fundi," alisema Bi Mkubwa. "Sikuja kulazwa chumba cha wageni. Irudisheni ndani, kabla sijapanda lori tena."

Kelele zilimwamsha Mlinzi, aliyekuwa ameanza kupata usingizi wa kwanza wa maana kwa wiki nzima. Alitoka na shuka kiunoni, akawakuta shemeji zake wote wameishika ile meza ya chuma pande tatu, Karani akiwa miguu mitupu.

"Sasa inaingia tena?" aliuliza.

"Inaingia."

Alimtazama mama mkwe, akamwamkia, akaenda kushika upande wake. Meza ikang'ang'ania mlango vilevile kama mwanzo. Walipomaliza, kitanda kilikuwa kimesukumwa ukutani, cherehani imekaa chini ya dirisha, na kati yao palibaki nafasi ya mtu mmoja mwembamba kupita kiubavu. Kinyozi alimkalisha mama barazani akampunguza nywele, ili neno lake lisipotee bure. Dereva akasema atakuwa anakuja kila Jumapili. Karani akasema yeye hatangoja Jumapili. Wakaondoka na lori, wakigombania nani akae mbele.

Mchana ukatulia. Mlinzi alirudi kulala. Bi Mkubwa alijilaza kwenye kitanda kipya, viganja vyake vilivyokaushwa na sabuni vikiwa juu ya shuka, macho wazi. Fundi alikaa kwenye mashine kushona pazia la kutenganisha kitanda na cherehani atakaposhona usiku, na kwa muda ikasikika ile sauti ya pedali tu, inakwenda, inasimama, inakwenda.

"Mama," alisema bila kuinua uso. "Ile siku ya kucha. Uliniambia kweli, au ulinifariji?"

Bi Mkubwa hakuharakisha kujibu. Alifikiri kweli, kama mtu aliyeulizwa alikoweka kitu.

"Siku ile chumbani tulikuwa wangapi?" aliuliza.

"Mimi na wewe."

"Basi. Aliyekuwa mbele yangu ni wewe, na nilikupenda kuliko watu wote duniani. Ni kweli tupu."

"Na Dereva je?"

"Yeye alikuja siku yake."

Fundi alisubiri maumivu yaje. Alikuwa amejiandaa kwa hayo tangu asubuhi. Badala yake kikaja kicheko, kikaanzia tumboni, kikapanda, kikamtikisa mabega mpaka mguu ukaikandamiza pedali wenyewe, kitambaa kikakimbia chini ya sindano. Alicheka, akajifuta macho kwa pazia, akacheka tena. Kitandani Bi Mkubwa naye alikuwa anacheka kwa sababu mwanawe anacheka. Kisha akajiinua kwa kiwiko, akanyoosha shingo kuangalia kazi.

"Fumua, mwanangu," alisema. "Hapo umekwenda kombo."